Ukurasa wa Elburgon

Wambui,

Sanduku lako nimelifungua tena baada ya wewe kulala, na sasa naapa sitaligusa. Sweta umeweka. Kuhusu kula, kulala, wavulana na kanisa, shangazi zako wamekuhubiria tangu Jumapili mpaka masikio yakakuwasha, nami sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na hilo hata shangazi zako hawataki kulisikia.

Jumapili tulikuwa tukiosha vyombo kwa mjomba wako kule Lanet, ukaniambia bila kuniangalia, "Mum, huko Eldoret nitajiita tu Chebet. Hiyo ya Wambui nitaiwacha hapa home. Ni rahisi hivyo." Mjomba wako alikuwa ametoka kusema mezani kwamba usiende kabisa. Msichana mwenye jina kama lako, alisema, hana haja ya kutafuta masomo upande ule wa watu wa baba yake baada ya mambo ya Januari. Shangazi yako, mke wake, akaongeza kwamba kama ni lazima uende, basi ujifiche. Mimi nilichukua beseni nikaenda kumwaga maji nje, nikakaa huko nikiangalia kuku wa watu. Ulidhani nimekasirika, na kweli nilikuwa nimekasirika, ila si kwako. Nilikuwa sina jibu, na unajua mama yako asipokuwa na jibu huwa hapendezi.

Jibu ndilo hili. Limechelewa, ni refu, na lina mambo ya kompyuta ndani, kwa hiyo vumilia. Si unaenda kusomea kompyuta? Hesabu hili kuwa somo la kwanza, kutoka kwa mwalimu asiye na cheti.

Nianze na jina lenyewe. Wewe ulizaliwa mchana wa jua kali hapa Nakuru. Kwetu sisi Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo kwa desturi yangu mwenyewe ulipaswa kuitwa jina la Kogo, yaani nyanya yako. Kwao Wakipsigis mtoto huitwa kwa wakati aliozaliwa. Kogo aliingia wodini na chupa yake ya chai, akakuangalia, akasema, "Huyu ni Chebet," kama mtu anayesoma saa ukutani. Hakutaka jina lake. Hakuuliza pia. Mimi nilikuwa nimechoka, na mama yangu alikuwa amefariki kabla hujatimia tumboni, nikasema hapana, huyu ni Wambui, jina la mama yangu. Nikavunja desturi za pande zote mbili kwa pigo moja, nikiwa bado kitandani.

Baba yako, dereva wa lori la mbao ambaye hakuna kitu kilichomharakisha isipokuwa mteremko, alicheka. Alisema mtoto ana mabega mawili, abebe yote mawili. Tukaandikisha yote mawili. Lakini kuandika si kuita. Kogo hakuwahi kukuita Wambui hata siku moja, nami sikuwahi kukuita Chebet. Hata tulipomzika baba yako, tulisimama pale kaburini, wewe ukiwa katikati yetu na gauni lako la shule, kila mmoja akikuita kwa jina lake na kukuvuta upande wake. Majirani wa hapa wakaniita Mama Wambui, nami nililipenda jina hilo. Bado nalipenda. Sitaomba msamaha kwa kukupa jina la mama yangu, maana ni jina zuri na lilikuwa la mwanamke mzuri. Kosa langu lilikuwa lingine, na linakuja.

Kazi yangu unaijua, lakini hujawahi kuniuliza ninafanya nini hasa pale dukani kwa Bwana Jaswant. Wewe na wenzako mnaona tu mama aliyekodoa macho. Nilianza pale kwa kupiga chapa barua za watu. Kisha Bwana Jaswant akaleta intaneti, duka likawa saiba, na wateja walipopungua mchana mimi nilikaa nikisoma jinsi tovuti zinavyojengwa. Bwana Jaswant alikuwa akipita nyuma yangu na kilemba chake akisema, "Mama Wambui, unasoma kama unatafuta mwizi." Mwaka jana nilianza kuwajengea watu tovuti, shamba moja la maua karibu na Kamere, hoteli moja hapa mjini. Nilikuwa mtu wa maana kidogo. Niliringa kidogo.

Disemba ukaenda kwa Kogo Elburgon kula Krismasi, kwa kuwa ulikuwa umemaliza kidato cha nne na ulikuwa huniombi tena ruhusa, unaniarifu tu. Halafu watu wakapiga kura, na mambo yakaharibika. Sitakuandikia habari za moto, wewe uliuona kuliko mimi. Nitakuandikia yale usiyoyaona.

Barabara zilifungwa. Kadi za simu ziliisha madukani. Simu ya Kogo ilikuwa haiingii, na wewe hukuwa na yako. Hapa mjini watu walikuwa wakimiminika kutoka kila upande, wengine kanisani, wengine kambini uwanjani, wengine hekaluni kwa akina Bwana Jaswant ambako walipikiwa dengu bila kuulizwa majina ya babu zao. Kila mtu alikuwa akimtafuta mtu. Ikaundwa kamati ya watu wa makanisa, msikiti na hekalu, mwenyekiti akiwa Bwana Kinuthia wa kanisani kwetu, wakaniomba nijenge tovuti ambapo aliye salama ataandikishwa na anayemtafuta atamwona. Waliojitolea kule kambini walituma majina kwa SMS kwa simu ya duka, na yeyote aliyekuwa karibu na kompyuta aliyaingiza. Niliijenga haraka. Sikuwa nikilala hata hivyo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo mama yako alipoteleza. Ndani ya kila tovuti kuna faili moja linaloamua swali la mgeni liende wapi. Sisi huliita faili la njia. Kila mstari ni njia moja, unaosema anwani ya sura hii ipelekwe huku, anwani ya sura ile ipelekwe kule. Na mfumo niliotumia kujengea hausomi mistari yote kisha ukapima. Unaanza juu, na mstari wa kwanza unaofanana na swali ndio unaolichukua. Iliyo chini haiulizwi tena hata kama ndiyo yenye haki.

Mstari wangu wa juu ulisema hivi: anwani ikiwa na neno "watu", kisha neno lingine lolote, hilo neno la pili ni jina la mtu, mtafute. Ulifanya kazi vizuri. Baada ya siku chache watu wakaanza kuuliza kwa mahali, nionyeshe wote waliotoka Molo, nionyeshe wote waliotoka Elburgon. Nikaongeza mstari chini yake: neno "watu", kisha neno lingine lolote, hilo neno la pili ni mahali, onyesha wote wa huko, waliotoka na waliobaki. Umeona? Mistari miwili yenye sura moja. Mtu akikuambia "watu, Elburgon," wewe unajua anataka mji. Mashine haijui kwamba Elburgon ni mji wa mbao. Kwake hilo ni neno tu. Kwa hiyo mstari wa juu ulilichukua, ukaenda kumtafuta binadamu anayeitwa Elburgon, haukumpata, ukajibu kwa adabu kama nilivyoufundisha: Hakuna mtu.

Usidhani sikuujaribu. Niliujaribu. Lakini wakati huo hakuna mtu wa Elburgon aliyekuwa ameandikishwa, kwa hiyo mashine iliponiambia hakuna mtu, nilisema sawa, ni kweli, nikaendelea na kazi nyingine. Jibu la uongo lilikuja limevaa nguo za ukweli, nikaliacha lipite mlangoni. Kosa linalopiga kelele halina shida, Wambui, utalisikia tu. Ogopa lile linalokujibu jambo ambalo ulikuwa tayari umeliamini.

Nami nilikuwa nimeliamini. Watu walipiga simu dukani wakiuliza mbona ukurasa wa Elburgon hauna mtu, nikawaambia labda bado hakuna aliyetuma majina. Mwanamke mmoja alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu, nikamfungulia ukurasa akaona kwa macho yake. Alifunga kanga yake vizuri akaniambia asante. Akaenda. Nilimpa jibu hilo kwa sauti ya mtu anayejua, na mpaka leo nikikumbuka sauti hiyo natamani kujizaba kofi.

Na kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, nilikutafuta wewe. Niliandika Wambui. Wakaja akina Wambui wa kila namna, maana jina la mama yangu limejaa nchi hii, mwenye watoto wanne, mwenye miaka mitatu, nyanya asiyeona. Hakuna aliyekuwa wewe. Nilikuwa nasoma kila mmoja mpaka mwisho kana kwamba ungeweza kuwa umezeeka kwa wiki moja. Sikuandika Chebet. Sitakudanganya kwamba sikulikumbuka jina hilo. Nililikumbuka. Lakini lilikuwa jina la Kogo, na moyoni nilikuwa nimekwisha kumlaumu Kogo kwa yote, kwa barabara, kwa moto, kwa Krismasi yenyewe. Vidole vyangu vilikataa. Mtoto wangu amepotea na mimi bado nabishana na mwanamke mzee ambaye hata hayupo chumbani. Hilo ndilo kosa, mwanangu, na halikuwa la kompyuta.

Aliyenizindua ni Bwana Jaswant. Alikuja kwenye meza yangu siku moja amekunja uso, akaniambia nifungue watu wa Lanet. Nikafungua. Hakuna mtu. Akavuta kiti akakaa, na yule mzee hakai kwa sababu ndogo.

"Mama Wambui," alisema, "watu ya Lanet mimi nimeandika na mkono yangu mwenyewe. Wako hapo temple wanakunywa chai. Sasa hii yako inasema hakuna mtu. Nani mwongo, mimi ama hii?"

Nilikuwa na jibu la ukali mdomoni. Nikalimeza, nikafungua faili la njia, na niliuona upuuzi wangu mara moja, mistari miwili pacha, mmoja umemkalia mwenzake. Sikufikiria. Niliibadilishia nafasi, wa mahali juu, wa majina chini. Lanet ikafunguka, watu tele. Bwana Jaswant akacheka. Mimi nikaandika Elburgon.

Ulikuwa wa tatu kutoka juu. "Chebet. Msichana, amemaliza form four. Ako sawa, ako kwa kogo yake. Anasema mamake anafanya computer Nakuru."

Ulikuwa umekaa pale siku hizo zote. Mtu wa kanisa huko kwenu alikuwa ametuma, na kijana wa Bwana Jaswant akaingiza bila kujua ni nani. Ukurasa niliujenga mimi, mlango wake nikaufunga mimi, kisha nikakaa mbele yake nikiwaambia watu hakuna mtu ndani. Nililia pale pale dukani mbele ya wateja, na Bwana Jaswant akaenda kusimama mlangoni akijifanya anaangalia barabara.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Nilipofuta macho niligundua kwamba kubadilisha nafasi ya mistari hakukutatua chochote. Kulihamisha tu maumivu. Sasa anayetafuta kwa jina ndiye aliyeumia. Ukiandika Wanjiru, mstari wa mahali unalichukua jina, unatafuta mji unaoitwa Wanjiru, unajibu hakuna mtu. Mistari miwili ikiwa na sura moja, wa juu atamla wa chini, na haijalishi ni nani uliyempandisha. Hilo lishike hata kama utasahau mengine. Watu wengi wakiona dhuluma, dawa wanayoijua ni kubadilisha nani akae juu.

Kamati ikaja dukani kuniuliza mbona tovuti imekuwa kizunguzungu. Nikawaeleza. Bwana Kinuthia ni mtu mwenye akili, simpunguzii, alielewa haraka kuliko wote. Akasema basi tutenganishe anwani. Za mahali zianze na neno lake, na za majina zitanguliwe na kabila. Kabila kwanza, kisha jina. Zisingegongana tena. Na huko kambini, alisema, watu wamekwisha kujipanga hivyo wenyewe.

Alikuwa sahihi kwamba ingefanya kazi. Hilo ndilo lililoniudhi. Neno lolote lingefanya kazi. Mashine haikujali, ungeweza kuweka "embe" pale katikati na njia zikaachana vizuri kabisa. Kati ya maneno yote ya lugha hii, wao walichagua hilo, wiki ileile, na majivu bado yako kwenye viatu vya watu.

Nikasema sitaandika.

"Mama Wambui, hii ni kitu ndogo," akasema. "Kila mtu anajua kabila yake."

"Wangu utamweka wapi?"

"Mtoto ni wa baba yake. Hiyo hata wewe unajua."

"Basi mimi nikimtafuta kwa upande wangu nitaambiwa hakuna mtu," nikamwambia. "Nimeambiwa hivyo na mashine siku hizo zote. Sitaambiwa tena na wewe."

Bwana Jaswant akanong'ona nipunguze sauti, watu watatuvunjia vioo. Sikupunguza. Niliwaambia faili liko kwenye kompyuta, anayetaka kuandika neno hilo aje akae kwenye kiti changu aandike kwa mkono wake, nami nitamwangalia. Hakuna aliyekuja. Bwana Kinuthia alichukua kofia yake akasema mwanamke mwenye kiburi hubomoa nyumba kwa mikono yake. Nikamjibu kwamba nyumba za mwaka huu sikuona zikibomolewa na wanawake.

Walipotoka niliandika hivi. Watu, kisha neno "jina", kisha jina. Watu, kisha neno "mahali", kisha mahali. Basi. Kila njia ikawa na mlango wake na hakuna aliyemkalia mwenzake. Kisha nikafanya mambo mawili zaidi ambayo hakuna aliyeniagiza. La kwanza, mtu mmoja aliweza kupatikana kwa kila jina analoitwa, hata yawe matano, na lolote utakaloandika litakufikisha kwake yuleyule. La pili, chini kabisa ya faili niliweka mstari wa kupokea chochote kilichokosa njia, na mstari huo sikuufundisha kusema hakuna mtu. Niliufundisha kusema: Hatujaelewa ulichoandika, tupigie simu. Na namba ya duka. Asiyejua aseme hajui. Mashine inaweza kufundishwa hilo kwa mstari mmoja. Mimi ilinichukua miaka yote hii, na mjomba wako bado tunamngoja.

Tulilipia ubishi huo. Kamati ilijitoa, na waliokuwa wakituma majina kwa sababu ya Bwana Kinuthia wakaacha kutuma. Kanisani kuna akina mama ambao mpaka leo wakiniona wanakumbuka walikuwa wanaelekea upande mwingine. Mimi na Bwana Jaswant tuliendelea wawili, na yeye alilala dukani na ufunguo chini ya kilemba akilinda mashine. Sijui kama kuna mtu hakupatikana kwa sababu mimi sikukubali neno moja. Nimeliwaza sana jambo hilo, usidhani moyo wangu ni wa jiwe. Yule mwanamke wa kanga sijawahi kumwona tena. Lakini mtu akiniwekea faili lile mbele yangu kesho, nitakataa tena, na nitakataa kwa sauti kubwa zaidi.

Barabara ilipofunguka nilipanda lori lililokuwa likirudi Elburgon kuchukua mbao, dereva alikuwa rafiki wa baba yako. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo hili hukuliona, na Kogo hawezi kukuambia, si mtu wa kujisifu. Nilifika langoni na kitambaa changu kichwani, kila mtu kwenye barabara ile akijua mimi ni nani na natoka wapi. Mwanamume mmoja jirani alikuwa akipasua kuni, akasimama na shoka mkononi. Kogo alikuwa uani. Aliniona. Hakunisalimu kwanza. Aligeukia nyumba akaita kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, ili barabara nzima isikie.

"Wambui. Toka nje, mama yako amefika."

Tangu uzaliwe hakuwahi kulitamka. Wiki zote zile alikuwa amelificha ili uishi, akiwaambia wote wanaouliza kwamba ni Chebet tu, hakuna jina lingine. Na siku hiyo, barabara bado ina mawe, alilitoa kinywani mwake mbele ya majirani zake kwa ajili yangu. Yule wa shoka aliinua kichwa. Kogo akamtazama mpaka akainama kwenye kuni zake.

Ukatoka mbio, umevaa sweta ya babu yako. Na mimi, badala ya kumrudishia Kogo heshima aliyonipa, kwa neno moja tu ambalo lingenigharimu pumzi, niliishiwa. Nilisema, "Haya, mtoto, twende." Mtoto! Kama mtu aliyeokota wa jirani. Kogo alisikia. Akanipa maziwa.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini Jumapili nilienda kukaa na kuku. Mwanamke aliyekataa Chebet miaka yote hii atakuambiaje usijiite Chebet tu? Ungenicheka, na ungekuwa na haki.

Sasa jibu. Siku za mawe, tumia jina lolote linalofungua mlango, hata la paka. Sitaki shujaa aliyekufa. Kogo alimficha Wambui, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nifukiwe. Lakini siku za mawe zina mwisho, na mtu asijenge maisha kwa amri za siku hizo. Ukienda Eldoret siku ya kawaida, jua limewaka, hakuna aliyekuuliza, na wewe mwenyewe unajifuta nusu kabla hawajakugusa, basi Bwana Kinuthia amepata faili lake. Ameandikiwa bure, na binti yangu. Neno "rahisi" usiniletee. Nililijua neno hilo kabla yako. Kuandika kabila ilikuwa rahisi. Kupandisha mstari mmoja juu ya mwenzake ilikuwa rahisi.

Jina ni lako na mdomo ni wako, siwezi kuja Eldoret kukushika ulimi. Wengine watataka uwe wa baba tu, na hapa nyumbani watataka uwe wa mama tu, na kila upande utakuambia ni kwa usalama wako. Wajibu majina yote mawili, moja baada ya jingine, bila kueleza. Atakayechanganyikiwa achanganyikiwe. Wewe si anwani iliyokosewa.

Kogo amelala kitandani kwangu, ndiyo maana niko hapa jikoni. Amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda, ambacho utakibeba upende usipende, hilo ndilo agizo pekee la barua hii. Asubuhi mjomba wako atafika na pikapu yake kukupeleka stendi, amenuna lakini atafika, nilimjibu vizuri jana kwenye simu. Atasimama hapo mlangoni na majirani watakuwa wameamka. Kogo atakuita Wambui, tangu siku ile hajaacha. Na mimi nimekuwa nikifanya mazoezi hapa jikoni, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, mpaka paka akageuka kuona ni nani anaitwa. Halinisumbui tena. Ni jina zuri, la mtoto aliyezaliwa jua likiwa juu, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Kwa hiyo ukisikia sauti yangu kesho, usidhani ni Kogo. Amka, Chebet. Barabara iko wazi.

Mama Chebet